Sura ya Saba: Kulenga kwa Tundu

Katika sura iliyotangulia tumeeleza namna bunduki ya wenzo ilivyoundwa, jinsi mkono mmoja unavyoushusha wenzo na kuupandisha, komeo likarudi nyuma na kulitoa ganda tupu, kisha likaenda mbele na kuingiza risasi nyingine, bila ya kitako kuondoka begani wala shavu kuondoka mahali pake. Na tukasema kwamba kwa wepesi huo bunduki hii ilipendwa mno na wawindaji wa misitu ya Marekani, hata Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na John Moses Browning, ikatengenezwa zaidi ya milioni 7. Sasa yatupasa kutazama jambo ambalo viwanda, pamoja na ustadi wao wote, vililifanyia uchache, nalo ni vyombo vya kulengea, ambavyo katika sura hii tutaviita vilengeo. Kwani bunduki, hata kasiba yake ikinyooka namna gani na risasi zake zikapimwa kwa uangalifu namna gani, haiwezi kupiga vizuri kuliko anavyoona mwenye kuishika. Na vilengeo vya kiwandani humtaka mwenyewe aone kwa pamoja vitu ambavyo jicho la mwanadamu halikuumbwa kuviona kwa pamoja.

Kilengeo cha nyuma kilichozoeleka katika bunduki hizi ni kipande cha chuma kilichopachikwa juu ya kasiba, mbele ya mwili wa bunduki, chenye mfuo mdogo katikati na pembe mbili zilizoinuka huku na huku, na chini yake pana kibati chenye vidato vya kukipandisha au kukishusha. Ama kukipeleka kushoto au kulia, hakuna njia ila kukigonga kwa nyundo. Mlengaji hutakiwa auone mfuo huo ulio karibu nusu mita kutoka jichoni pake, auone na ushanga wa kilengeo cha mbele ulio yapata sentimita 85, kisha amwone na mnyama aliyesimama mita 50 au 100 mbele yake, na vyote vitatu viwe safi, vimepangana, na kwa dakika hiyo hiyo moja. Jambo hili ni muhali. Jicho hukaza kwenye umbali mmoja tu kwa wakati mmoja, na kijana hudhani kwamba anaviona vyote vitatu kwa sababu jicho lake laruka upesi kutoka kimoja hadi kingine. Lakini mtu akishapita miaka 40 lenzi ya jicho lake huanza kuwa ngumu, mfuo ulio karibu ukamgeukia ukungu, naye akadhani kwamba bunduki imeharibika au mkono umeanza kumsaliti, hali kosa si la bunduki wala si la mkono. Fauka ya hayo, chuma hicho cha nyuma huziba kila kilicho chini ya mstari wa shabaha, na zile pembe mbili huziba sehemu ya kilicho kando, hata mnyama anayekwenda huweza kupotea nyuma ya chombo kile kile kilichowekwa ili aonekane.

Kilengeo cha tundu huiondoa taabu hiyo kwa kukiondoa kimoja katika vile vitatu. Badala ya mfuo ulio mbali na jicho, huwekwa duara la chuma lenye tundu katikati, karibu na jicho kadiri bunduki inavyoruhusu, na mlengaji halitazami duara hilo hata kidogo, bali hutazama kupitia ndani yake, kama mtu aliyesimama dirishani anavyowaona wapitao njiani asizione mbao za dirisha. Jicho kwa tabia yake hutafuta lenyewe katikati ya duara, mahali penye nuru nyingi zaidi, na huufikisha ushanga hapo bila ya kuamrishwa. Imebaki kazi mbili tu: kuuona ushanga, na kuuweka panapostahili. Mwanafunzi wa kulenga aliyefundishwa kwa mfuo huona vigumu mwanzoni kuamini kwamba chombo asichokitazama kinamsaidia, naye hujisumbua kuupima ushanga kama umekaa katikati barabara. Basi na aambiwe mapema kwamba kujisumbua huko ndiko kunakomkosesha, na kwamba imani yake iwe juu ya ushanga, ama tundu litajifanyia kazi yake.

Maarifa ya tundu na nuru ni ya kale. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufanya kazi zake kubwa Cairo, aliichunguza nuru ipitayo katika tundu kwa majaribio na kwa hesabu, na katika risala yake juu ya sura ya kupatwa kwa jua alionyesha kwamba jua lililopatwa sehemu huchora ukutani umbo la hilali ikiwa tundu ni dogo, lakini tundu likipanuliwa hilali hiyo hupotea na kuwa duara. Kanuni ndiyo hiyo hiyo katika bunduki. Tundu dogo huruhusu miali michache ya nuru, hata vya karibu na vya mbali vikaonekana safi kwa pamoja, na mtu mwenye macho yaliyochoka akafurahi kuuona tena ushanga wake ukiwa na kingo. Tundu kubwa huingiza nuru nyingi, lakini hupunguza usafi huo. Uchaguzi wote wa kilengeo cha tundu umesimama juu ya mizani hii ya nuru na usafi, na msomaji akiishika vema hatadanganywa na muuzaji yeyote.

Aliyeifanya bunduki ya wenzo ifaidi kanuni hii alikuwa William Lyman wa Middlefield, katika jimbo la Connecticut, aliyepewa hataza ya kilengeo chake mwaka 1879. Vilengeo vya tundu vilikuwapo kabla yake, lakini vilikuwa vya mashindano, vyenye visahani vipana na vitundu vidogo mno, vikifaa kwa mtu aliyelala uwanjani na kulenga ubao mweupe kwa utulivu. Mwituni havikuwa na kazi, kwa kuwa mwindaji alijikuta anatafuta tundu wakati mnyama anakwenda zake. Lyman alitambua kwamba ukingo ukiwa mwembamba na tundu likiwa kubwa, na chombo kikiwa karibu na jicho, ukingo hufifia kama haupo, na shabaha hubaki wazi. Naye akaweka kisahani kidogo kinachokunjuka juu ya pete ile kubwa, ili mwenyewe achague, tundu dogo kwa utulivu au pete kubwa kwa haraka. Tangu siku hizo majina mengine yameongezeka: Marble wa Gladstone na Williams wa Davison, wote katika jimbo la Michigan, na Skinner wa Montana, kila mmoja na mtindo wake, lakini msingi ni ule ule aliouweka Lyman.

Faida ya pili ya kilengeo hiki yaonekana kwa hesabu. Katika bunduki yenye kasiba ya inchi 20, kilengeo cha mfuo kilicho juu ya kasiba kiko yapata sentimita 40 nyuma ya ushanga, lakini kilengeo cha tundu kilichofungwa mwisho wa mwili wa bunduki kiko yapata sentimita 60. Mkono ukikosea kwa robo ya milimita tu katika kuvipanga vilengeo hivyo, kosa hilo kwa mita 100 litakuwa milimita 62 katika bunduki ya kwanza, na milimita 42 katika ya pili. Bunduki ni ile ile, mkono ni ule ule, na risasi ni zile zile. Lililobadilika ni umbali baina ya vilengeo viwili, na kosa limepungua kwa theluthi.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini mtu asifunge darubini, akamaliza shauri. Kwa bunduki nyingine jibu huwa ni darubini, nasi tumelieleza hilo mahali pake. Ama bunduki ya wenzo ina hali zake. Sifa yake kubwa ni kubebeka: mwindaji huishika kwa mkono mmoja katikati, pale uzito unapolingana, vidole vikazunguka mwili wake mwembamba, akatembea nayo kutwa nzima katika kichaka bila ya kuchoka, na darubini hukaa mahali pale pale penye mkono. Tena Winchester za zamani hurusha ganda tupu juu, likapita hasa mahali ambapo darubini ingefungwa, na hata viwanda viliporekebisha mtambo katika miaka ya 1980 ili ganda litoke kwa pembeni, bunduki milioni kadhaa zilizotangulia zilibaki na tabia yao. Na risasi ya .30-30, ambayo ndiyo rafiki wa kale wa bunduki hizi, si ya masafa: yenye uzito wa gramu 11 huondoka kwa mwendo wa yapata mita 670 kwa sekunde, na ikiwa imelengwa sawasawa kwa yadi 100, ikifika yadi 200 imeshashuka sentimita 20 au zaidi kidogo. Kwa masafa hayo mafupi ya msituni kilengeo cha tundu hutosha, hakivunjiki upesi, hakiingii ukungu wa mvua, wala hakiongezi uzito wa kusemeka.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Mahali pa kufunga kilengeo cha tundu ni patatu, na kila mahali pana fadhila na dhara yake.

Mahali pa kwanza ni juu ya shingo ya bunduki, nyuma ya nyundo, ambapo Lyman alianzia. Hapo tundu liko karibu kabisa na jicho, umbali baina ya vilengeo ni mkubwa kuliko popote, na bunduki nyingi za Winchester zilizotengenezwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili zilikuja na tundu la parafujo tayari kwa ajili yake, jambo la thamani kubwa kwa mwenye bunduki ya kale asiyetaka kuitoboa. Lakini kilengeo hiki kimesimama juu ya kijiti chembamba, huzuia kidole gumba kuizunguka shingo, na kikigongwa na tawi huweza kupinda. Ndiyo sababu Marble aliweka chemchemi katika kitako cha kilengeo chake, ili kikigongwa kilale kisha kiinuke chenyewe. Dhara iliyo kubwa zaidi ni ukaribu wake na jicho. Kwa risasi ndogo si neno, lakini kwa bunduki zenye msukumo mkali, kama zile za .45-70, chuma kilicho sentimita chache mbele ya mboni ni hatari isiyostahili kujaribiwa, na mwenye bunduki hiyo na aache mahali hapa kabisa.

Mahali pa pili ni ubavuni mwa mwili wa bunduki, upande wa kushoto, kwa nyuma. Kilengeo hiki hushikwa na parafujo mbili, kikainuka kandokando ya mwili na kuleta mkono wenye tundu juu ya mstari wa shabaha, nacho hupanda na kushuka, huenda kushoto na kulia, kwa vipimo vilivyochorwa, bila ya nyundo. Katika Winchester irushayo maganda juu hapa ndipo panapofaa, kwa kuwa ganda hupita mbele yake bila ya kuguswa. Bunduki nyingi za Winchester na Marlin zilizotoka baada ya vita zimekwisha kutobolewa kiwandani, na parafujo zake ni za namba 6 zenye nyuzi 48 katika inchi moja, kipimo ambacho mafundi wa bunduki wa Marekani wamekikubali kuwa desturi yao.

Mahali pa tatu ni juu ya mgongo wa mwili wa bunduki, na hapa Marlin ndiyo yenye bahati, kwani Marlin 336, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, hutoa ganda kwa ubavuni na mgongo wake umefunikwa kwa chuma kizima, nao tangu katikati ya miaka ya 1950 umekuwa ukitobolewa kiwandani. Kilengeo cha hapa huwa kifupi, kinene, kisicho na mkono wa kunasa kwenye nguo wala kwenye majani. Hakina wepesi wa kurekebishwa kila siku, lakini kikishawekwa sawa hakisogei; na kwa mwindaji mwenye bunduki moja na aina moja ya risasi hiyo si dhara, bali ni fadhila.

Baada ya mahali huja ukubwa wa tundu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, wakivutwa na usafi wa tundu dogo walilochungulia dukani mchana kweupe. Mboni ya jicho mchana hupungua hadi milimita 2 au 3, na gizani, kwa kijana, huweza kupanuka hadi kufika milimita 7. Kisahani chenye tundu la milimita 1.3 huonyesha ushanga kwa usafi wa ajabu adhuhuri uwanjani. Lakini ukikilinganisha na tundu la milimita 3.2 utaona kwamba hupitisha sehemu moja tu katika sita ya nuru, na wanyama hutoka alfajiri na magharibi, nuru ikiwa haba. Mwenye kutaka bunduki ya uwanja na achukue tundu dogo. Mwenye kutaka bunduki ya msitu na achukue pete pana ya milimita 5 yenye ukingo mwembamba, ambayo jicho halioni ila kivuli chake. Na asiyeamua bado na achukue kilengeo ambacho visahani vyake hufunguliwa kwa vidole, avifungue visahani vyote kwa ajili ya mwituni, na kuvirudisha kwa ajili ya mazoezi. Ama shaka ya kwamba tundu pana litamkosesha usahihi, hiyo iondoke moyoni mwake, kwani hata ushanga usipokaa katikati barabara jicho halikubali kuuacha uende mbali, na kosa litokalo hapo ni dogo kuliko kosa la mkono.

Kilengeo cha mbele nacho hakistahili kusahauliwa, maana ndicho pekee ambacho mlengaji hukitazama kwa hakika. Ushanga wa shaba au wa pembe huonekana upesi kivulini, lakini una hila mbili. Ya kwanza ni ukubwa: ushanga wa milimita 1.6, ukiwa sentimita 85 kutoka jichoni, hufunika yapata sentimita 19 za kilicho mita 100, na ule wa milimita 2.4 hufunika sentimita 28, yaani zaidi ya mahali pote pa moyo na mapafu ya kulungu. Ya pili ni nuru: jua likiwa kulia, upande wa kulia wa ushanga ndio ung'aao, mlengaji akaufanya upande huo kuwa ndio katikati, na risasi ikaenda kushoto. Kwa hiyo wengi wenye uzoefu hupendelea kijiti chenye kichwa bapa, ambacho uso wake umeelekezwa nyuma na juu kidogo ili uipokee nuru ya anga. Hiki huonyesha ncha iliyo sawa, na mnyama huwekwa juu ya ncha hiyo bila ya kufunikwa.

Pwani yetu iliwahi kuiona bunduki ya wenzo mikononi mwa mtu aliyekuwa na sababu kubwa ya kulifikiri jicho lake. Theodore Roosevelt, alipotoka katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi Aprili 1909 kukusanya wanyama kwa ajili ya taasisi ya Smithsonian, akisafiri na mwanawe Kermit, na miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo Winchester ya mwaka 1895 ya risasi .405, aliyoitumia hasa kwa simba. Jicho lake la kushoto lilikuwa limepoteza nuru baada ya pigo la ngumi alilolipata katika mazoezi, na la kulia halikuona mbali bila ya miwani, naye hakuona haya kusema kwamba si mlengaji hodari. Mtu wa namna hiyo hufaulu kwa kukaribia na kwa kuijua bunduki yake, na msomaji mwenye macho mema asidhani kwamba somo hilo halimhusu. Macho mema nayo ni amana ya muda.

Tuje sasa kwenye kufunga. Kwanza kabisa bunduki itolewe risasi zote, na kwa bunduki ya wenzo hili lina sharti lake, kwa kuwa bomba lililo chini ya kasiba huweza kuificha risasi moja iliyokwama baada ya nyingine zote kutoka. Basi wenzo uchezeshwe mara nyingi, kisha chumba kitazamwe kwa jicho na kuguswa kwa kidole, na mdomo wa bomba nao utazamwe. Hakuna fundi aliyekuwa hodari hata akasamehewa hatua hii.

Parafujo ndogo zilizoziba matundu ya kiwandani huwa zimekaa miaka mingi, na bisibisi isiyoenea katika mfuo wake itaziharibu kwa mzunguko mmoja. Tafuta bisibisi ambayo ncha yake imejaa mfuo kwa urefu na kwa upana, tia tone la mafuta mepesi, ngoja hadi kesho ikibidi, kisha zungusha kwa kukandamiza. Matundu yakishafunguliwa yasafishwe mafuta yote, kwani parafujo iliyofungwa juu ya mafuta hulegea baada ya mishindo kadhaa. Weka kilengeo, ingiza parafujo zote kwa vidole kwanza, ndipo uzikaze moja baada ya nyingine, kidogo kidogo. Na kila ukikaza, fungua wenzo na kuufunga, ukisikiliza na kuhisi. Parafujo ikiwa ndefu kupita kiasi hupenya ndani na kuligusa komeo, na mtu asiyepima huweza kuharibu mtambo kwa nguvu ya mkono wake mwenyewe. Ikigusa, ifupishwe kwa tupa na kupimwa tena, isilazimishwe. Mwisho, gundi ya parafujo, ile nyepesi inayofunguka kwa bisibisi, hutiwa tone moja katika nyuzi za kila parafujo.

Kilengeo cha zamani kilicho juu ya kasiba sharti kiondoke, au kiwe cha kukunjwa na kulazwa, maana kikibaki kimesimama kitaziba kile ambacho tundu limekuja kukifungua. Kimeshikwa katika mfuo uliopanuka chini, na desturi ya mafundi wa Marekani ni kukitoa kwa kukigonga kutoka kushoto kwenda kulia, kwa aliyeshika bunduki begani, na kuingiza kipya kutoka kulia kwenda kushoto. Chombo cha kugongea kiwe cha shaba ili chuma kisipate jeraha, na kasiba ishikwe katika jiliwa lililovikwa ngozi au mbao. Mfuo unaobaki wazi uzibwe kwa kipande kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, usikae ukikusanya maji na kutu. Ikiwa bunduki yako haikutobolewa kiwandani, usiitoboe mwenyewe mezani kwako. Mpelekee fundi mwenye leseni na mashine, kwa kuwa tundu lililopinda kwa nusu milimita halirudi, na ikiwa bunduki ni ya kale na nzima, fikiri mara ya pili kama yastahili kutobolewa kabisa.

Aghalabu baada ya kufunga utaona risasi zinakwenda juu, hata kilengeo kikiwa kimeshushwa chini kabisa, kwa kuwa tundu limekaa juu kuliko ulivyokaa mfuo wa zamani. Usikate tamaa wala usikipige kilengeo tupa. Dawa yake ni kilengeo cha mbele kirefu zaidi, na urefu wake hupatikana kwa hesabu nyepesi: chukua kiasi risasi ilivyopotea, zidisha kwa umbali baina ya vilengeo viwili, kisha gawanya kwa umbali wa shabaha, vipimo vyote vikiwa vya namna moja. Risasi ikiwa imepita juu kwa milimita 100 katika mita 100, na vilengeo vikiwa vimeachana milimita 600, jibu ni milimita 0.6, nacho ndicho kimo cha kuongezwa. Kumbuka kwamba kilengeo cha nyuma hupelekwa kule unakotaka risasi iende, ama cha mbele hupelekwa kinyume chake. Mwenye kuzichanganya kanuni hizi mbili hupoteza risasi nyingi na hasira nyingi zaidi.

Jaribio lianze karibu, kwa mita 25, bunduki ikiwa imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, nyuma ya shabaha pakiwa na kingo ya udongo isiyopenyeka. Piga risasi tatu pole pole, tazama katikati ya matundu yale matatu na si tundu moja lililokupendeza, ndipo ugeuze kilengeo. Kisha tatu nyingine, hadi zikae katikati. Baada ya hapo nenda mita 100 ukamalize, na aina ya risasi uliyomaliza nayo ndiyo utakayotumia mwituni, kwani aina nyingine itakwenda mahali pengine. Vipimo vya kilengeo viandikwe katika daftari, na alama nyembamba ichorwe kwenye chuma, ili kikisogea ujue.

Msomaji wa nchi zetu ajue pia mipaka ya sheria: Kenya ilikataza uwindaji mwaka 1977, na Tanzania uwindaji huendeshwa kwa vibali na kwa masharti, na silaha yenyewe popote haimilikiwi ila kwa leseni. Lakini hata pale sheria inaporuhusu, iko sheria nyingine iliyo kongwe zaidi, ya kwamba kiumbe akiuawa na auawe mara moja, asiachwe na jeraha akafie mbali kwa siku tatu. Kilengeo chema hupunguza dhuluma hiyo, na ndiyo sababu nimekiandikia sura nzima. Basi funga pete pana, ikaze barabara, irekebishe kwa subira. Na ikiwa kwa mita 100 hujaweza kuweka risasi zako zote, moja baada ya nyingine, ndani ya duara la sentimita 20 ukiwa umesimama au umepiga goti, kama utakavyokuwa mwituni, basi kaa uwanjani ufanye mazoezi, wala usimwelekezee mnyama bunduki hiyo.